Tandala wa Mwaka wa Ndiga

Isihaka Sadala,
Mkumbara,
Korogwe.

19 Oktoba, 1975.

Mpendwa dada Mwanaidi,

Shikamoo dada. Habari za Makambako, na habari za hiyo reli? Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Mhina na watoto wote, na baridi ya huko iwe imewaonea huruma. Ukiniuliza mimi, sijambo. Wifi yako Hamisa naye hajambo; ule mguu uliomsumbua umepona, na ameanza tena kunigombeza nikichelewa kula. Vuli bado haijashika. Mawingu yanapita juu yetu kama watu wenye haraka ya kufika Lushoto.

Tulifunga salama, na Idi tulikwenda kula kwa baba na mama kule Mazingara. Kitenge ulichomtumia mama kilifika. Alikivaa siku hiyo hiyo akazunguka nacho nyumba kwa nyumba, mpaka majirani wakaanza kuulizana kama Mwanaidi ameolewa upya na tajiri. Ahsante sana dada, umemfurahisha.

Barua yako ilikuwa na maswali mawili. La kwanza ni la Mwantumu wako, anayetaka kujua mjomba wake alianzaje kuchora wanyama, maana mwalimu wake haamini kwamba zile chati zilizotundikwa darasani zimechorwa na mtu wa ukoo wao. La pili ni lako mwenyewe, la macho ya baba. Nilidhani nitayajibu mbalimbali, kila moja na mahali pake. Lakini mambo yaliyotokea siku ya Idi yameyafunga pamoja, na sasa siwezi kujibu moja nikaliacha jingine.

Macho ya baba yanakwisha, dada. La kushoto limefunga kabisa, ukungu mweupe umelitanda. Kwa la kulia anaona kwamba mtu yuko mlangoni, lakini hajui ni nani mpaka aseme. Pale zahanati wanasema ni mtoto wa jicho na kwamba hutolewa. Daktari wa macho atapita Korogwe mwezi wa Desemba, naye huja mara moja tu kwa mwaka. Baba amekubali kwenda, ila ameweka sharti, na sharti hilo liko mikononi mwako. Nitalifikia. Nivumilie nipite njia ndefu kidogo, kwa sababu ukilisikia peke yake utadhani uzee umemzidi.

Mwambie Mwantumu kwamba mjomba wake alianzia juu ya dungu. Yeye ni mtoto wa stesheni, hajui dungu; mweleze kile kitanda cha miti chenye miguu mirefu kinachojengwa katikati ya shamba, mtoto akapanda juu kuamia mtama usiliwe na ndege na ngedere. Wenzangu walikuwa hodari wa kombeo. Mimi nilikuwa wa hovyo kabisa, na wewe ulikuwa wa kwanza kunicheka. Ngedere akija nilitaka kwanza kuona anashikaje bua, na mkia anauweka wapi akiwa anakula. Nilipokumbuka kurusha jiwe alikuwa amekwisha shiba. Basi nikachukua mkaa nikamchora kwenye nguzo za dungu, na baada ya msimu mmoja nguzo zote zilijaa.

Lakini kuchora ngedere ni mchezo wa mtoto yeyote. Kilichonifanya niwe hivi nilivyo ni kitu kingine, na mpaka Idi hii nilikuwa sijamwambia mtu.

Unaukumbuka mwaka wa ndiga. Wewe zaidi ya sisi sote. Mvua ilikatika mtama ukiwa haujakomaa, ghala likabaki vumbi, mama akawa anakwenda porini kuchimba ndiga, vile viazi vya mwitu, na kuziloweka mtoni ili zitoke sumu, na bado zilitutapisha. Wewe ulivimba miguu, kisha uso, ukawa huinuki mkekani. Nakumbuka mama akikunywesha uji mwembamba kwa kijiko, huku amegeuza uso upande wa ukuta ili usimwone.

Siku hizo baba alikuwa bado na lile gobori la babu. Asubuhi moja, kabla hakujapambazuka vizuri, alipanda nalo dunguni akanikuta nimejikunyata chini ya gunia. Akadhani nimelala. Kulikuwa na kipande kidogo cha mtama kilichookoka kando ya kijito, na mwanga ulipoanza kuingia, tandala akatoka vichakani. Alikuwa dume, na mistari myeupe ubavuni kama mtu aliyemwagiwa maziwa. Pembe moja ilizunguka mpaka juu, nyingine ilikuwa imevunjika katikati. Alisimama karibu mno. Baba akainua gobori, nami nikaziba masikio nikisubiri mlio.

Mlio haukuja. Nilipochungulia, tandala alikuwa anakula mtama wetu taratibu, masikio yakicheza, na baba alikuwa ameushusha mtutu. Alikuwa anamtazama tu. Dada, uso wa baba unaujua, siku zote ni wa mtu anayesikiliza mwanafunzi akikosea. Siku ile sikuujua uso wake. Ulikuwa wazi kama wa mtoto aliyeamshwa akaonyeshwa kitu kizuri. Tandala alikula, akainua kichwa, akatuangalia, akaenda zake bila haraka. Baba alikaa pale mpaka jua likatoka, ndipo akashuka polepole ili asiniamshe. Nyumbani nilimsikia akimwambia mama kwamba alikutana na mnyama, lakini baruti ilikuwa imelowa umande.

Sikumhukumu, wala sikujua kama kuna la kuhukumu. Siku chache baadaye serikali ikagawa yale mahindi ya njano, ukaanza kukaa, kisha kusimama, na nyumba yetu ikapata kucheka tena. Mimi nilibaki na uso ule wa baba. Watu wakiniuliza nani alinifundisha kuchora huwa namtaja fundi Yordani, na sisemi uongo. Lakini kabla ya Yordani alikuwapo baba, asubuhi ambayo hakujua kwamba anafundisha.

Ndiyo maana aliponikataza nilichanganyikiwa. Siku ile ulishuhudia mwenyewe. Nilikuwa nimemchora ngedere kwa mkaa kwenye ukuta wa nje, upande wa jikoni, baba akarudi kutoka kusomesha watoto Kurani akamwona. Hakunipiga. Alisema kwamba anayechora chenye roho ataambiwa siku ya Kiyama akitie roho, naye hataweza. Kisha akakoroga udongo kwa mikono yake, akausiriba ukuta mpaka ngedere akapotea. Tangu hapo hakutazama kazi yangu tena. Hakunitukana wala hakunifukuza, aligeuza uso tu, nawe unajua uso wa baba ukigeuka unavyouma kuliko fimbo. Yule tandala sikuthubutu kumchora popote.

Huko mbele unajua nilivyohangaika. Nilikwenda Vugiri kuchuma chai, nikawa mchumaji mbaya kama nilivyokuwa mlinzi mbaya wa mtama. Fundi Yordani, Msambaa mmoja mpaka rangi, alinichukua nimshikie ngazi. Yeye ndiye aliyenifunza kuchanganya rangi na kufunga brashi kwa singa za mkia wa ng'ombe. Jumapili akiwa kanisani mimi niliingia msituni kuwatazama mbega, na wiki nzima iliyofuata nilimmalizia rangi nyeusi na nyeupe. Alikuwa akilalamika kwamba mbega wangu watamfilisi kabla ya watoto wake. Lakini kila nilipomwonyesha picha aliitundika ndani mwake, juu ya kitanda, na mkewe hakusema kitu.

Ule mwaka wa Uhuru ulikuwa umekwisha olewa, hukumwona twiga wangu. Waliandaa sherehe pale Handeni wakataka twiga mkubwa wa kusimamishwa uwanjani. Nilimchora kwa furaha mno, shingo ikazidi mbao, ikabidi fundi Yordani apigilie ubao mwingine juu kwa ajili ya kichwa. Baba alikuja na kanzu yake nzuri. Aliimba, aliomba dua, machozi yakamtoka kwa furaha ya nchi yake. Bahati mbaya mlingoti wa bendera uliwekwa karibu na twiga. Basi bendera ikipanda, baba aliitazama huku ameweka kiganja kando ya jicho, kama mtu anayejikinga jua, na jua lilikuwa nyuma yake. Watu walicheka. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya uwanja nikakaa peke yangu.

Hapa Mkumbara barabara ndiyo imenilisha. Naandika majina ya maduka na ya malori, na hakuna lori lililopita mikononi mwangu likaondoka bila mnyama nyuma yake. Mwaka juzi watu wa elimu ya watu wazima walinitaka nichore chati za kisomo, kila herufi na mnyama wake, zikachapishwe zigawiwe madarasani. Nilichora kwa mpangilio mzuri mpaka nikafika T, na hapo mkono ukaenda wenyewe. Nikamchora amesimama kando ya kijito, akila mtama, pembe moja imevunjika. Ofisini walilalamika kwamba pembe iliyovunjika itawafundisha wananchi vibaya. Niliwaambia kwamba huyu ndivyo alivyo, na mwingine simjui. Wakachoka nami, wakamchapisha.

Sasa nifike Idi.

Mwaka jana watu walipohamia kijijini, baba aling'oa milango na miti ya nyumba ya zamani akajenga upya karibu na barabara, pua kwa pua na majirani. Kijijini kuna darasa la kisomo, na mwalimu wake ni Ponsiano, mtu wa makamo. Huyu ni Mnyamwezi; baba yake aliletwa zamani kukata mkonge Korogwe, naye alizaliwa kambini, na mkonge ulipodorora akaja Mazingara kulima. Kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi na sisi ni Wazigua, ni mtani wetu, na tangu ahamie pale baba hajapata raha. Humfichia viatu msikitini. Humwita Mzigua mwenye ndevu za beberu. Na baba, mtu mkali vile, humjibu na kucheka.

Siku ya Idi tulikuwa tumekaa baada ya swala, sisi wanaume kwenye mkeka, mama na Hamisa karibu na mlango. Ponsiano akaingia bila hodi. Akaketi mahali pa baba, akachagua mnofu mkubwa kuliko yote katika sinia, akasema kwamba Wazigua hawajaelewa bado pilau ni nini. Tukacheka sote. Kisha akatoa kwapani karatasi iliyoviringishwa, akaikunjua, akaitundika kwenye msumari wa taa mbele ya uso wa baba. Ilikuwa chati ya T.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Kicheko kilikatika, mama akamwita Ponsiano kwa sauti ndogo ya kumwonya. Angekuwa mtu mwingine, baba angeinuka akatoka. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umeshindwa mbele ya watu, na baba hajawahi kukubali kushindwa na Mnyamwezi.

"Mtani," Ponsiano akasema huku anatafuna, "wewe unasoma Kurani na gazeti tangu enzi za Mwingereza. Mwaka mzima unakuja darasani kwangu, unakaa mbele kabisa na akina mama wanaoanza a, e, i. Mtihani wa mwezi wa nane hukuufanya. Nikifunga darasa unabaki, unasogea mpaka ndevu zinagusa hii karatasi. Sasa leo nimekuletea nyumbani, maana na macho yenyewe yanakuaga. Waambie watoto wako unafuata nini kwangu."

Hatukujua, dada. Mama alijua kwamba anakwenda kisomo, akadhani ni amri ya kijiji. Mimi nilikuwa nimeketi mkabala naye, na nilishindwa kumtazama.

Baba alijisogeza hadi mlangoni. Kisha akasema aletewe karatasi ile pale, kwenye mwanga. Niliipeleka mimi, kwa kuwa mikono ya wengine ilikuwa na mafuta. Akaisogeza hadi puani, akapitisha lile jicho la kulia polepole, kama anavyofuata mstari wa msahafu. Alipofika kwenye pembe iliyovunjika akasimama.

"Ndiye," akasema. Halafu, bila kuinua uso: "Kumbe siku ile hukuwa umelala."

"Sikulala, baba."

Akageuka upande wa mama, ingawa najua hakuwa anamwona pale alipokaa. "Mama Mwanaidi," akasema, "baruti haikulowa."

Mama alikuwa anakusanya punje za wali zilizoanguka mkekani, akaendelea kuzikusanya. Nilidhani atalia. Akasema, "Najua. Niliianika mwenyewe jana yake juani. Nilikuwa nangoja useme."

 Ponsiano aliinama, akamshika baba bega, akatoka taratibu. Mnofu wake aliuacha kwenye sinia.

Jioni baba aliniita tukakaa nje wawili. Hakusema kwamba picha ni halali; jambo hilo, alisema, atakwenda kuliuliza anakokwenda. Lakini aliniambia kitu nilichokuwa sikijui. Alisema siku aliposiriba ule ukuta alikuwa anafuata dini, naam, ila pia alikuwa anaogopa. Aliniona nina jicho lile lile. Yeye alikuwa amemtazama mnyama kwa furaha mpaka akasahau kwamba ana mtoto anayekufa kwa njaa, na alitaka kunizuia nisije nikaifikia siku kama ile. Alisema alikuwa anakaa mkekani pako usiku akikupepea, akijua nyama ilisimama mbele yake ikaondoka kwa miguu yake yenyewe. Na kwamba hata hivyo, Mungu amsamehe, hakuacha kumkumbuka yule tandala kwa furaha. Hiyo furaha ndiyo iliyomtesa miaka yote.

Sharti lake ni hili. Hataki kutolewa ukungu machoni mpaka wewe usikie habari hii na useme neno lako. Mama amekwisha sema lake, lakini baba anasema aliyelala mkekani hakuwa mama. Nilibishana naye. Nilimwambia ulipona, ukaolewa, una watoto wanne na sauti inayosikika stesheni nzima. Akaniambia niandike tu.

Basi nimeandika. Siwezi kukushawishi, dada, wala sitajaribu. Mimi nimekula matunda ya asubuhi ile maisha yangu yote, na wewe ulikula ndiga. Sina haki ya kukuambia uone nini. Nakuomba kitu kimoja. Kabla hujakaa kujibu, nenda darasani kwa Mwantumu siku moja watoto wakiwa wametoka. Ile chati ipo ukutani pale, na huenda umepita mbele yake mara nyingi kwenye mikutano ya wazazi. Simama umtazame vizuri, ndiye huyo huyo. Kisha andika lolote litakalokujia, liwe tamu au chungu, lakini liwahi kabla ya Desemba.

Hamisa anakusalimu sana wewe na shemeji Mhina. Ponsiano anakusalimu, anasema dada wa watani zake akija asije mikono mitupu. Mwambie Mwantumu mjomba atamchorea mbega wake peke yake. Mama anakusalimu na kitenge chake, anawaombea ninyi nyote afya na riziki ya halali, nami naitikia amina. Baba hakunipa salamu za kutia humu. Alisema nisimtangulize, hajui kama utazipokea.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Isihaka.